Nipe Mji: Kwa Nini Ubishi wa Twin Peaks Hauishi

Taa za nyumba ile zilipozimika, mpwa wangu aliinuka akaenda kuangalia mita. Alidhani tokeni zimekwisha. Sisi tuliosalia tulibaki tumekodolea macho kioo cheusi cha laptopu, yowe la yule mwanamke bado limo masikioni, na tulichukua muda kugundua kwamba feni inazunguka kama kawaida. Stima ilikuwapo. Zilizozimika ni taa za nyumba moja katika jimbo la Washington, Marekani. Huku kwetu Langoni, Lamu, kila balbu ilikuwa inawaka.

"Imekwisha?" fundi aliuliza.

"Imekwisha, Ami."

"Imekwishaje?"

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na ukatufikisha saa tisa za usiku. Sikushangaa. Ubishi huo huo unaendelea duniani tangu tarehe 3 Septemba 2017, kituo cha televisheni cha Showtime cha Marekani kilipoonyesha sehemu mbili za mwisho za tamthilia ya Twin Peaks kwa mkupuo mmoja, na watazamaji wakaachwa gizani vile vile. Wapo wanaosema televisheni haijawahi kuzaa kitu kikubwa kuliko hicho. Wapo wanaosema walichezewa akili kwa sehemu 18. Nimekuwa nikiwasikiliza wote wawili kwa miaka, na nionavyo mimi, wengi hubishana bila kujua kwamba kila mmoja anajibu swali lake peke yake. Kwa hiyo nitajaribu kuyafumua maswali hayo moja moja, nikisaidiwa na watu niliotazama nao: fundi wa majahazi kutoka Matondoni, mwalimu mstaafu wa sekondari, mpwa wangu aliyeileta kwenye flashi, na dadangu, ambaye hakukubali kuketi nasi lakini hakuondoka mlangoni.

Nitataja kila kitu, muuaji pia. Asiyetaka kujua na aishie hapa.

Niruhusuni nianze mbali kidogo, kwenye vitendawili. Mchezo wetu una kanuni moja ambayo vitabu vya shule huipitia mbio. Mtegaji husema "Kitendawili!", tunaitikia "Tega!", anatega, tunakisia. Tukishindwa, jibu haliji bure. "Nipe mji," husema. Chukua Malindi. Haitaki. Chukua Mombasa, basi. Akiridhika, huuchukua mji, akajisifu alivyokwenda huko akala akanywa sisi tukiwa tumekaa na ujinga wetu, ndipo atoe jibu. Jibu hununuliwa, na bei yake ni mji mzima.

Twin Peaks ni jina la mji. Mji wa kubuni, wa mbao na mvua na misonobari, karibu na mpaka wa Kanada. Tarehe 8 Aprili 1990, David Lynch, mtu wa sinema, na Mark Frost, mwandishi aliyekulia katika tamthilia za televisheni, walitega kitendawili chao kwenye kituo cha ABC: Laura Palmer, binti wa shule aliyependwa na mji wote, ameokotwa ufukweni akiwa maiti, amefungwa kwenye plastiki. Nani kamuua? Usiku huo wa kwanza walitazama watu zaidi ya milioni 30. Serikali inamtuma Dale Cooper, mpelelezi wa FBI, kijana nadhifu anayependa pai ya cheri na kahawa nyeusi. Wauza kahawa wa Mkunguni, hapa Lamu, wangempenda. Lakini Cooper hapelelezi kama wapelelezi wengine. Anaota. Ndotoni yumo katika chumba cha mapazia mekundu, amezeeka, na Laura aliyekufa anamnong'oneza sikioni jina la muuaji. Akiamka amelisahau.

Watu wa chumba hicho huzungumza kwa sauti iliyopinda, na watazamaji wengi hudhani ni mashine. Siyo hasa. Waigizaji walijifunza kutamka maneno yao kutoka mwisho kuja mwanzo, wakarekodiwa, kisha picha ikachezwa kinyumenyume, hivyo maneno yakarudi mbele lakini na jeraha ndani yake. Mpwa wangu alicheka sana nilipomweleza, kwa sababu yeye na wenzake walipokuwa wadogo walizungumza kinyume, ule mchezo wa kuita nyumba "mbanyu" na maji "jima" ili sisi wakubwa tusifahamu. Lynch alikuwa amefanya kinyume cha kinyume.

Haya, jibu la kitendawili. Lynch alisema mara nyingi kwamba hakutaka litolewe. Swali la nani kamuua Laura lilikuwa, kwa maneno yake, bata anayetaga mayai ya dhahabu, na yeye aliambiwa amchinje. Wakubwa wa kituo waliona watazamaji wanachoka kungoja, wakashinikiza. Tarehe 10 Novemba 1990 muuaji akaonyeshwa: Leland Palmer, babake Laura. Ikawa kama walivyoogopa waandishi. Watu walipewa jibu bila kutoa mji wowote, wakashukuru, wakaondoka. Kufikia wakati huo kipindi kilikuwa kimehamishiwa usiku wa Jumamosi, na tarehe 10 Juni 1991 sehemu ya 30 ikawa ya mwisho. Katika hiyo ya mwisho Cooper anaingia mahali panapoitwa Black Lodge, makao ya viumbe wasio watu, na anayetoka huko si yeye bali pacha wake mwovu. Tunamwacha akipiga kioo kwa paji la uso huku anacheka. Laura amekwisha kumwambia wataonana tena baada ya miaka 25.

Kabla ya kufika huko, tulikwama kwenye swali la baba. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba Lamu ni mahali pazuri pa kuitazamia tamthilia hii.

Ndani ya Leland mlikuwa na kitu kiitwacho BOB: mwanamume wa nywele ndefu zenye mvi, suti ya jinsi, meno yote nje. (Aliyemwigiza, Frank Silva, alikuwa mpanga vyombo wa seti. Picha yake ilinaswa kwenye kioo kwa bahati mbaya wakati wa kurekodi, wenzake wakaona imeharibu kazi, Lynch akaona amepata shetani wake.) Watazamaji wa Marekani wamebishana zaidi ya miaka 30: je, BOB ni roho kweli, au ni jina tu la uovu ambao baba huyu aliufanya kwa mikono yake? Hata wahusika wenyewe wanajiuliza. Leland akishakufa seli, wapelelezi wanasimama msituni na mmoja wao anasema labda BOB ndiyo mabaya watendayo binadamu, basi, hakuna zaidi.

Fundi hakuona ugumu wowote. Pepo hupanda kichwani, na aliyepandwa huitwa kiti. Kiti hakisemi, anayesema ni aliyekikalia. "Huyo baba ni kiti," alisema. "Kosa lao hawakumpunga mapema, wakamuuliza pepo jina lake na ataka nini." Mwalimu akampinga kwa ushahidi wa ndani: Leland anakufa akikiri kwamba BOB alimwendea alipokuwa mtoto, na kwamba yeye mwenyewe alimkaribisha ndani. Kiti kilichofungua mlango kina lawama yake. Wakaendelea hivyo, hoja kwa hoja, mpaka sauti ikatoka mlangoni.

"Nyinyi mwamtafutia pepo," dadangu alisema. "Mwanamke akipandwa, mwasema ana pepo, apungwe. Mwanamume amnajisi mwanawe miaka, amuue, mwasema ana pepo, asamehewe. Mimi pepo wenu simjui. Namjua baba."

Hakuna aliyejibu. Na bila kuijua, alikuwa ameeleza vizuri kuliko wahakiki wengi kilichomo katika filamu ya 1992, Fire Walk with Me. Lynch aliipeleka kwenye tamasha la filamu la Cannes, ikapokewa kwa chuki. Watu walikuwa wanataka Cooper, kahawa na vichekesho vya mji. Wakapewa siku saba za mwisho za Laura mwenyewe, akiigizwa na Sheryl Lee kwa namna ambayo hadi leo siwezi kuitazama mara mbili kwa mwaka mmoja. Yule aliyekuwa maiti ya kuanzishia hadithi sasa anatembea, anajua kinachomjia usiku kupitia dirishani, na siku moja anaona uso wa nani uko nyuma ya uso wa BOB. Filamu haiamui kama pepo yupo au hayupo. Inachofanya ni kukunyima raha ya kutumia pepo kama kinga ya baba. Nadhani ndiyo sababu ilichukiwa, na ndiyo sababu wengi wameirudia baadaye kwa heshima.

Sasa marejeo yenyewe, yaani Twin Peaks iliyorudi baada ya miaka 25. Mwaka 2014 Showtime ilitangaza sehemu 9. Aprili 2015 Lynch akasema anajitoa, fedha hazitoshi. Baada ya wiki chache akarudi, na sehemu zikawa 18. Zilianza kuonyeshwa tarehe 21 Mei 2017. Ziliandikwa zote na Lynch na Frost, na zikaongozwa zote 18 na Lynch. Jambo hili ndilo linalomaliza nusu ya ubishi, na sijui kwa nini husemwa kwa nadra. Katika zile 30 za zamani Lynch aliongoza 6 tu. Watu walioipenda Twin Peaks ya 1990 walipenda pilau ya shughuli, wapishi wengi jikoni, huyu ana mzaha, yule ana mapenzi ya kulia, mwingine ana mauaji. Waliporudi 2017 wakakuta mpishi mmoja na chungu kimoja. Anayesema "hii siyo Twin Peaks" na anayesema "hii ndiyo Twin Peaks yenyewe" wote wana haki, ila wanazungumzia vyungu viwili.

Malalamiko ya walalamikaji si ya kipuuzi. Watu walimngoja Cooper miaka 25. Akarudi kweli, lakini kama bwana mmoja wa Las Vegas aitwaye Dougie Jones, akili imefutika, anarudia neno la mwisho la kila anayemsemesha, anaongozwa mkono kama mtoto kwenye lifti. Cooper wa kweli hazinduki mpaka sehemu ya 16, zikiwa zimebaki mbili tu. Katika sehemu ya 7 mtu anafagia sakafu ya baa kwa zaidi ya dakika 2, anafagia tu, hakitokei kitu. Mpwa wangu alitaka kuruka mbele. Fundi alimkataza, akasema yule mtu anafagia vizuri.

Na sehemu ya 8. Nimejaribu kuwaza mmoja wa wale madijei wetu wanaosimulia sinema za nje kwa Kiswahili juu ya picha akipewa sehemu hii. Angeanza kwa mbwembwe, halafu? Kamera inarudi tarehe 16 Julai 1945, jangwa la New Mexico, bomu la kwanza la nyuklia, na inaingia ndani ya lile wingu, taratibu, ndani kabisa, dakika baada ya dakika, kwa muziki wa mtunzi Penderecki wa Poland, alioupa jina la maombolezo ya wahanga wa Hiroshima. Humo kiumbe kinatapika, na katika matapishi hayo uso wa BOB unaelea. Kisha tunapelekwa kwenye jumba juu ya bahari, ambako bwana mmoja mrefu anatazama yote hayo, na kichwani mwake panatoka tufe la dhahabu lenye uso wa Laura, likatumwa duniani. Wengi huitaja sehemu hii kuwa ngumu kuliko zote. Mimi naiona nyepesi kuliko zote. Ni hadithi ya asili: uovu ulivyoingia, na kilichotumwa kukabiliana nao. Ugumu wake uko kwenye uvumilivu, maana hakuna mtu wa kukuambia. Kama kuna lawama, mimi ningelaumu kinyume: kumfanya Laura kuwa tufe la nuru kunamwondolea kidogo ule ubinadamu ambao filamu ya 1992 ilimpa kwa shida.

Lakini kilichowagusa wenzangu zaidi kuliko bomu ni uzee. Lynch hakuuficha. Nyuso zimekunjamana, nywele zimekwisha, wengine hawapo. Catherine Coulson, yule bibi anayekumbatia gogo, aliigiza sehemu zake akiwa mgonjwa sana akafariki Septemba 2015, na kwenye tamthilia anaaga kwa simu kwamba anakufa. Mwanamuziki David Bowie, aliyeigiza katika filamu ya 1992, alifariki Januari 2016 kabla ya kurekodi. Mhusika wake akarejeshwa akiwa chombo kikubwa cha chuma kinachofuka mvuke kama birika. Unaweza kucheka, na tulicheka. Ila neno "marejeo" hapo linabadilika maana. Lamu tunawajua wanaorejea. Mtu ametoka kijana kwenda Muscat au Dubai, anarudi na mvi, anapita vichochoro akitaja majina, na wanaoitika ni wajukuu wa aliowataja. Anafika kwenye nyumba ya babake. Mlango ule ule wa nakshi, baraza lile lile, na ndani yuko mwenye nyumba mpya kutoka Ulaya ambaye amepachika taa ndani ya zidaka za ukutani. Hakuna aliyemdhulumu. Ndugu waliuza.

Hilo ndilo lililotufanya tuielewe sehemu ya 18 kwa namna ambayo sikuwahi kuielewa nilipoitazama peke yangu.

Kinachotokea ni hiki. Katika sehemu ya 17 BOB anapasuliwa kwa ngumi, tena na kijana aliyevaa glavu ya kijani, na hadithi ingeweza kwisha hapo. Cooper hatosheki. Anarudi nyuma hadi usiku wa kifo cha Laura mwaka 1989, anamshika mkono msituni kabla hajafika kwa wauaji wake, na picha ya kwanza kabisa ya 1990 inafutika mbele ya macho yetu: maiti ufukweni inatoweka, mzee aliyeiokota anapita moja kwa moja kwenda kuvua samaki. Halafu mkono alioushika unaponyoka. Linasikika yowe, Laura hayupo. Katika sehemu ya 18 Cooper anaendesha gari maili 430 na kuvuka mahali ambapo dunia inabadilika. Analala hoteli moja, anaamka katika nyingine, kuna barua inayomwita kwa jina lisilo lake. Anafika Odessa, Texas, anamkuta mwanamke mwenye sura ya Laura aliyezeeka, aitwaye Carrie Page, ambaye hajasikia habari za Laura yeyote. Anampakia garini, wanasafiri usiku kucha bila maneno mpaka Twin Peaks, kwenye nyumba ya kina Palmer. Anabisha hodi. Anafungua mwanamke asiyewajua. Hapana, hakuna Palmer hapa. Alinunua kwa mtu aitwaye Chalfont.

"Nyumba imeuzwa," fundi alisema kabla ya yule mwanamke kumaliza.

Cooper anashuka ngazi, anasimama barabarani kama aliyepotea, anauliza: huu ni mwaka gani? Kutoka ndani ya nyumba, kwa mbali, inasikika sauti ya mama anayeita "Laura". Carrie anapiga yowe. Taa zinazimika.

Juu ya dakika hizo yamejengwa maelezo mengi kuliko misikiti ya Lamu. Niyapitie kwa haraka yale makuu. Wapo wanaosema Cooper ameshinda: mwanzoni kabisa mwa marejeo aliambiwa akumbuke 430, na Richard na Linda, na ndege wawili kwa jiwe moja, kwa hiyo yote yalipangwa. Alimpeleka Laura hadi kwenye tundu la Judy, uovu mkuu ulio nyuma ya BOB, na yowe lile ndilo lililouzima. Wanaonyesha majina: Tremond, jina la yule mwanamke aliyefungua mlango, na Chalfont ni majina ya viumbe wa Black Lodge tangu 1990 na 1992, basi nyumba ile inamilikiwa na hao hao. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyopewa. Wapo wanaosema yote ni ndoto, maana tamthilia yenyewe inauliza nani anayeota. Hawa siwapendi, nikiri. Ukishasema ndoto huna haja ya kueleza chochote tena. Wapo wanaosema sehemu ya 17 na ya 18 zichezwe pamoja kwenye vioo viwili, zitaelewana. Mpwa wangu alijaribu kwa laptopu na simu. Alipata kichwa kuuma. Na wapo wanaosema mada halisi ni televisheni yenyewe, kwamba sisi watazamaji tuliodai kila wiki maiti na muuaji ndio tunaoshtakiwa. Hapo pana ukweli, ila haukusaidii kujua kwa nini Carrie anapiga yowe.

Maelezo yangu nimeyapata kwa mwalimu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Huyu Cooper kamtoa msichana kwenye umarehemu akamtia kwenye umafkudi."

Fiqhi ina mlango wake kuhusu mafkudi, mtu aliyetoweka asijulikane yu hai au amekufa. Marehemu ana hukumu zilizo wazi: anaoshwa, anaswaliwa, anazikwa, anasomewa hitima, mkewe anakaa eda, mali yake inagawanywa, watu wanaanza kupona. Mafkudi hana hata moja ya hayo. Mali haigawanywi, mke hajui yeye ni mke au mjane, mpaka kadhi ahukumu. Cooper alidhani ukiondoa kifo umeondoa msiba. Akaondoa maiti, maziko, mji uliolia, muuaji aliyejulikana, hata jina la marehemu. Kilichobaki ni mwanamke aliye mbali na kwao asiyejijua, na nyumba isiyomjua. Maumivu hayakuondoka, yameondolewa tu mahali pa kukaa. Ndiyo maana jina moja likiitwa kutoka dirishani yanarudi yote kwa pamoja.

Mark Frost, katika kitabu chake The Final Dossier kilichotoka mwaka huo huo wa 2017, ameandika waziwazi kwamba katika historia iliyobadilishwa Laura hakuuawa, alitoweka. Kwa wanaotaka mhuri wa mwandishi, huo hapo. Ila Frost ni mmoja wa wawili, na yeye siku zote ndiye mwenye kupenda faili na tarehe. Lynch hakueleza. Aliulizwa mwishoni kama alivyoulizwa mwanzoni, na akafa Januari 2025 bila kueleza. Kuna watu wanaosema hiyo ni ujanja wa msanii asiye na jibu. Mimi narudi kwenye mchezo wetu. Mwaka 1990 watazamaji walidai jibu na wakalipata bila malipo, likawafia mkononi. Mwaka 2017 mtegaji alirudi akasema nipe mji. Wakampa, wakidhani ni maneno ya mchezo, na akauchukua kweli: Twin Peaks ya mwisho ina barabara zake, ina ngazi zake, ina nyumba yake, na haina mtu hata mmoja anayemjua Laura Palmer. Akaondoka na mji na jibu pamoja.

Kuhusu ubishi mwingine maarufu, kama marejeo ni filamu au ni tamthilia, sina mengi. Jarida la Ufaransa Cahiers du cinéma liliyataja kuwa filamu bora ya muongo mzima, na Sight & Sound la Uingereza likayaweka ya pili kwa mwaka 2017, watu wa sinema wakakasirika, watu wa televisheni wakakasirika. Zilionyeshwa kwenye televisheni kila wiki. Mimi ninaishia hapo.

Fundi hakuwa amechangia neno katika habari ya mafkudi. Kusi ilikuwa imekaza wiki hizo za Julai, vyombo vingi vimepandishwa pwani, na kazi yake haikuwa ya kumwamsha alfajiri, lakini aliaga mapema kuliko sisi. Kesho yake baada ya isha alirudi peke yake akataka awekewe dakika za mwisho tu. Mwalimu naye akatokea. Tulipofika pale Cooper anapouliza huu ni mwaka gani, mwalimu alijibu bila kufikiri, kwa hesabu ya Hijria, "Elfu moja mia nne arobaini na saba, umeingia juzi," na tukacheka wote isipokuwa fundi.

Ndipo akatwambia, macho yake kwenye kioo, kwamba alikuwa na kaka. Jahazi lilitoka, halikurejea, wala ubao wake haukuonekana. Mama yao hakukubali hitima isomwe. Jioni akisha kupakua chakula alikuwa akimwita kwa jina, sauti ya kawaida tu, ya kumwita mtu aliye chumba cha pili, na nyumba nzima ilinyamaza kila siku mpaka sauti ile ipite.

"Rudisha nyuma," alimwambia mpwa wangu. "Na uongeze sauti. Jana sikumsikia vizuri yule mama."

Akarudisha nyuma, akaongeza mpaka mwisho. Sauti ilipoita, fundi aliinua mkono ili tusiseme kitu.